Wageni wa Januari: Mafunzo Niliyopata Kampala

Kila mwaka, majani yakianza kupukutika huko ughaibuni, simu yangu haitulii. Dada yangu yuko Minneapolis, binamu zangu wametawanyika Toronto na Leicester, na wote huuliza jambo moja: tukikimbia theluji, tuje wapi? Mimi ni mtu wa Tanga, kazi ndiyo iliyonileta Kampala, na nyumba yangu hapa Muyenga imegeuka kituo cha wakimbizi wa baridi. Wanachotaka hakibadiliki: hewa isiyowatesa, miti na maji karibu, na chakula cha kusimulia wakirudi. Nimewapokea, nimewatembeza, nimesikiliza sifa na manung'uniko yao mezani. Haya ndiyo yaliyonikaa.

1. Angalia mwinuko kabla ya ufukwe

Mtu aliyeacha nyuzi 20 chini ya sifuri akiwaza joto, anaiwaza bahari. Tatizo ni kwamba Desemba hadi Machi ndiyo kaskazi. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na kwa unyevu ule shati hunata mgongoni kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Usiku nao hauleti nafuu kubwa. Sisi wa pwani tunajua namna ya kuishi nao: unaamka alfajiri, unamaliza kazi nzito mapema, mchana unajinyoosha, jioni unapunga upepo barazani. Mgeni aliyevua koti la manyoya juzi hajui hayo. Shemeji yangu alimaliza siku zake za Mombasa chumbani, mbele ya kiyoyozi, akiitazama bahari kupitia kioo. Alipofika kwangu akatoka kibarazani baada ya chakula cha usiku, akakaa kidogo, kisha akamwita mkewe amletee sweta. Siku ile ndipo likizo yake ilipoanza.

Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayoipa Kampala mchana wa nyuzi 27 au 28 na usiku wa 17 au 18, na hiyo ni Januari na Februari, miezi ambayo wenyeji wenyewe hulalamika kwamba jua limezidi. Ziwa Victoria nalo, ambalo Waganda huliita Nalubaale, hupoza kingo zake.

Kwa hiyo siku hizi mgeni akipiga simu simuulizi anataka kuona nini. Namuuliza anataka kulala na shuka, blanketi moja au mawili. Wa shuka moja abaki Entebbe au Jinja. Wa blanketi moja aende Fort Portal, mita 1,500 na ushee, au Sipi kwenye mabega ya Mlima Elgon. Wa mawili namwelekeza Ziwa Bunyonyi kule Kabale, karibu mita 2,000, ambako ukungu wa asubuhi hukaa juu ya maji mpaka chai ipoe. Kanuni ni hiyohiyo ukiwa Lushoto, Arusha, Limuru au Bukavu. Nayasema haya nikiwa mtu wa pwani, na nyumbani Tanga wameshanisema vya kutosha.

2. Soma kalenda ya nchi unayokwenda, si ya likizo yako

Kampala ina mvua mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ambayo mkia wake huburuzika hadi Desemba mwanzoni. Baada ya hapo hukauka mpaka mwishoni mwa Februari. Kwa anga peke yake, basi, mtu angesema njoo Krismasi.

Mimi husema usije. Siku zinazotangulia tarehe 25 Kampala nzima huhamia vijijini. Nauli za mabasi ya kwenda Mbarara, Mbale au Gulu hupanda, wakati mwingine mara mbili ya kawaida, na barabara za kutoka mjini hujaa magari yaliyobeba magodoro, kuku hai na mikungu ya ndizi. Mji unabaki mweupe. Wapo wanaoupenda ukimya huo, nami nikiwa mmojawapo, lakini aliyekuja kula atakuta mpishi wake yuko Masaka kwa mama yake na mlango umefungwa. Subiri watu warudi. Kuanzia wiki ya kwanza au ya pili ya Januari jiko liko hai, barabara zimetulia, na hoteli zilizojaa sikukuu zinatafuta wateja. Dirisha hilo hudumu mpaka shule zinapofunguliwa, kwa kawaida mwanzoni mwa Februari, wazazi wanaporudi barabarani na masanduku ya bati na foleni kuwa ya kukatisha tamaa.

Tahadhari moja. Uchaguzi mkuu wa Uganda huja kila baada ya miaka 5, na siku hizi huangukia Januari. Ule wa 2021 ulikuwa tarehe 14, na intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwaka wa namna hiyo, ahirisha.

3. Lala Entebbe, njoo Kampala kula

Nazungumza kama mtu anayeishi Kampala na kuipenda. Lakini kiangazi vumbi jekundu hukaa juu ya kila jani, moshi wa taksi na boda boda hukaa kooni, na kutoka Ntinda hadi Nsambya kunaweza kumeza alasiri nzima. Mtu hakupanda ndege usiku kucha aje kukaa kwenye foleni ya Jinja Road.

Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka hapa, juu ya rasi iliyozungukwa na ziwa. Barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 inalipiwa tangu Januari 2022, na hela hiyo mimi huilipa bila kinyongo. Kule kuna Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1898, miti mirefu ikishuka na mteremko mpaka majini. Mbega weusi kwa weupe huruka juu ya kichwa chako, hondohondo hupiga kelele kama wamekosewa, na familia za Kampala hutandika mikeka siku za Jumapili. Dada yangu humaliza asubuhi nzima pale akitembea taratibu, kwa sababu huko kwake miezi hiyo hutembea kwa kuogopa kuteleza kwenye barafu.

Kitu cha pili ni kinamasi cha Mabamba, upande wa pili wa ghuba. Hakuna mgeni wangu aliyekitaja kabla ya kufika na hakuna aliyeacha kukitaja baadaye. Unaingia kwenye mtumbwi asubuhi na mapema, mpiga kafi anausukuma ndani ya njia nyembamba kati ya mafunjo na mayungiyungi, nanyi mnamtafuta korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye urefu wa zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Waganda humwita bulwe. Husimama bila kutikisika, dakika kwa dakika, akimvizia kamongo, yule samaki anayeweza kuvuta hewa. Zamani wavuvi walimwona ndege huyu ni nuksi, kwamba ukikutana naye utarudi mikono mitupu, na wengine walimuua. Sasa wengi wa waongozaji wanatoka kwenye vijiji hivyohivyo vya wavuvi, na ndege huyo ndiye anayewalisha. Tangu 2006 kinamasi hicho kimo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Binamu yangu wa Leicester, ambaye hajawahi kunyamaza tangu tuko watoto, alinyamaza pale.

4. Chakula kizuri kiko karibu na kilikoota

Hoteli nyingi za wageni Kampala zinapika vilevile zinavyopika Dubai. Hakuna ubaya, lakini mtu hahitaji tiketi ya ndege kwa ajili ya kuku wa kukaanga. Nimejifunza kuwapeleka wageni kwa utaratibu wangu.

Siku ya kwanza ni rolex tu, chapati iliyoviringishwa na mayai, kabeji na nyanya ndani, pale Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Unasimama mbele ya kijana mwenye kikaango bapa, unaona yai likipasuliwa ndani ya kikombe cha plastiki, kitunguu kikikatwa juu ya kiganja, na baada ya muda mfupi unakula ukiwa umesimama. Mgeni aliyechoka na safari huchangamka.

Siku ya pili ni luwombo. Inasimuliwa kwamba mapishi haya yalianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa, ndipo hutiwa nyama iliyokaushwa kidogo kwa moshi, au kuku, au mchuzi mzito wa karanga wenye samaki mkavu, likafungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke saa kadhaa. Kila mtu huletewa fungu lake. Usikubali mhudumu alifungue jikoni. Lifungulie mezani wewe mwenyewe, ule mvuke wa kwanza ukupate usoni, maana nusu ya utamu imo humo. Kando yake kuna matooke, ndizi mbichi zilizopikwa ndani ya majani mpaka zikawa manjano kama kiini cha yai, zikapondwa zikiwa motomoto. Wageni wa pwani hupata shida hapa: sisi ndizi tunazitia nazi, na matooke hayana hata chumvi. Nawaambia wasiyaonje peke yake. Kazi yake ni kuubeba mchuzi.

Samaki twende tukamfuate Ggaba, ambako mitumbwi inatia nanga. Unamchagua ngege mzima, anapasuliwa ubavuni, anakaangwa mkavu, analetwa na limau na kachumbari, nawe unakula kwa mikono ukitazama maji aliyotoka. Atakayetaka pilipili aombe. Waganda hawana mkono wetu wa pilipili.

Kwa wageni Waislamu, ambao kwangu ndio wengi, Kisenyi ni jibu. Wasomali wamejenga mtaa wao pale, na sahani ya wali na mbuzi huja na ndizi mbivu pembeni, unaitafuna pamoja na wali. Dada yangu alishtuka siku ya kwanza. Sasa hufanya hivyo Minneapolis, mji ambao nao umejaa Wasomali, na anadai alijifunzia Uganda.

Usiondoke pia bila kuonja vya mikoani, kwa sababu Kampala imevikusanya vyote: malewa ya Wagisu, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, malakwang ya Waacholi, mboga yenye uchachu inayoliwa na viazi vitamu, eshabwe ya Ankole, mchuzi mweupe wa samli. Panzi wa nsenene, wakaangwao kwa mafuta yao wenyewe, msimu wao mkubwa ni Novemba, kwa hiyo wageni wa Januari huwakosa. Baadhi yao humshukuru Mungu.

Jambo la adabu: ukialikwa nyumbani kwa Muganda, usimpelekee zawadi ya samaki au nsenene kabla hujajua ukoo wake. Wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, wa ukoo wa Nsenene hali panzi. Ni mwiko wao na wanaushika.

5. Safari ndefu iwe moja

Hapa ndipo nimebishana na kila mgeni. Wanakuja na orodha ya hifadhi: Murchison, Bwindi, Queen Elizabeth, Kidepo, zote ndani ya likizo moja fupi. Uganda kwenye ramani inaonekana ndogo, lakini Kabale ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala na ni safari ya kutwa. Anayefuata orodha hiyo hurudi kwake amechoka kuliko alivyokuja, na picha nyingi za dirisha la gari.

Chagua moja. Ukitaka maziwa ya volkano, mashamba ya chai na msitu wa Kibale wenye aina 13 za nyani, kima na jamaa zao, sokwe mtu wakiwemo, nenda Fort Portal. Ukitaka maporomoko na kahawa, nenda Sipi, ambako mkulima wa arabika atakuchumia, atakutwangia, atakukaangia na kukunywesha palepale uani kwake. Ukitaka kukaa tu, Bunyonyi: visiwa 29, milima iliyokatwa matuta mpaka kileleni, kamba wa maji baridi mezani, na ziwa lisilo na mamba wala kiboko. Nikilazimishwa kuamua, mimi ni mtu wa Sipi.

Jinja sihesabu kama safari ndefu. Ni kilomita 80 tu. Ukipita Mukono simama Namawojjolo, wachuuzi watakimbilia dirishani na kuku wa mishikaki mirefu na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Nunua, kisha mkaile ndani ya msitu wa Mabira, unaoanza muda mfupi baadaye. Sehemu ya msitu huo ilikusudiwa kukatwa ipandwe miwa. Aprili 2007 watu wakaandamana Kampala, roho zikapotea, na mpango ukasitishwa. Waambie watoto habari hiyo wakiwa chini ya miti yenyewe. Na huko Jinja, mwenye kitabu cha zamani asihangaike kutafuta maporomoko ya Ripon wala Bujagali. Ya kwanza yalimezwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, ya pili na bwawa la Bujagali miaka mingi baadaye.

6. Ziwa ni zuri, na linaua

Vaa jaketi la kuokolea, hata mwenye boti akikucheka. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufuko wa Mukono, si mbali na Kampala, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dhoruba za Nalubaale hukusanyika haraka, na anga ya asubuhi haikuahidi chochote kuhusu jioni. Kwenda visiwa vya Ssese panda feri kutoka Nakiwogo, kule Entebbe, usidanganyike na mtumbwi wa bei rahisi. Tena usiogelee ovyo kwenye kingo zenye majani; kichocho kipo.

7. Pasipoti yako ndiyo bei yako

Nyumbani ni nyumbani, lakini getini wanaangalia kitabu. Mimi wa pasipoti ya Tanzania naingia Uganda bila viza na nalipa bei ya Afrika Mashariki kwenye hifadhi. Dada yangu, niliyenyonya naye ziwa moja, ana pasipoti ya Marekani, kwa hiyo analipa ya mgeni. Kuona gorila Bwindi, kibali cha mgeni kimekuwa dola 800 tangu Julai 2024. Kwa familia ya watu watano hiyo ni hela ya kununulia shamba dogo. Panga bajeti kwa kuanzia hapo, msije mkagombana kaunta.

Anayetaka kuunganisha Uganda, Kenya na Rwanda aombe viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki: dola 100, siku 90. Tanzania haimo. Kadi ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Itunze hata ukitoka, kwani anayepitia Uganda kwenda Zanzibar ataulizwa. Dawa za kuzuia malaria mezeni. Mliozaliwa huku msijidai wenyeji, miili imeshasahau.

8. Kila mtu ana baridi yake ya kuikimbia

Mama yangu mdogo anaishi Muscat. Januari ya kwao ni tamu: watu wanakwenda jangwani kulala kwenye mahema, wanachoma nyama, hakuna anayetaka kusafiri. Yeye hukimbia mwezi wa Juni na Julai, joto la Muscat linapovuka nyuzi 40. Majirani zake wengi huenda Salalah, ambako msimu wa khareef huleta manyunyu na kuifanya milima kijani. Yeye huja kwangu. Kampala ya Julai ni kavu, kijani bado kipo, na nyuzi zake hazitofautiani sana na za Januari. Ndiyo faida ya kukaa karibu na ikweta: mji haujui majira ya mtu anayeukimbilia.

Sasa amekifanya chumba cha wageni kuwa chake kila Julai, na amekwishaacha humo mtandio na kopo la halwa. Anayekitaka Januari anijulishe mapema, na tiketi aikate ya baada ya mwaka mpya. Ndege za Entebbe za katikati ya Desemba hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, na nauli ya wiki ile ingetosha kulipia luwombo ya ukoo mzima.